Mgombea wa Tano Hana Notisi

“Hiyo kazi unayonipa, binti, ndiyo kazi ninayoifanya.”

Wiki jana tulimwacha Padmaja hapo, msomaji, na maneno hayo bado yana moto sikioni mwake. Hajasogea. Amekaa kwenye ngazi za nyuma za ofisi yao, mtaa wa Jayanagar, simu mkononi.

“Bado upo?” sauti ya upande wa pili iliuliza.

“Nipo, mama.”

“Basi nieleze tena hiyo kazi. Polepole.”

Padmaja aliyajua maelezo yale kwa moyo. Alishayasema kwa watu wengi mpaka yamekuwa kama sala. Kampuni ya ukoo, ya bidhaa za nyumbani, yenye jina Bengaluru nzima. Inatafuta mkuu wa masoko ya mtandaoni. Awe kijana. Aijue akili mnemba kama anavyoijua njia ya kwao. Timu ipo tayari, ofisi ipo Barabara ya Mysuru.

“Timu ya watu sita,” Ambuja Hebbar, yule wa upande wa pili, alimalizia mwenyewe. “Wawili wa picha, watatu wa matangazo, mmoja wa kuwajibu wateja wanaotukana. Na kiyoyozi kinachovuja juu ya meza ya mkuu wa idara. Hicho kiyoyozi wamekitaja?”

“Hapana.”

“Wangekitaja. Mtu ajue anachoingilia.”

Alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha mtu aliyejikwaa mbele za watu.

“Nani amekutuma? Nachiket?”

“Sijui, mama. Haki ya Mungu sijui. Bosi hakuniambia jina la kampuni.”

Na hakuwa anasema uongo. Ofisi anayofanyia kazi Padmaja inawatafutia makampuni mabosi. Wakati mwingine mteja anataka kumwondoa mtu kitini kabla mwenyewe hajajua, na hapo msako hufanywa kwa siri, jina la mteja likafichwa kwa kila anayepigiwa. Lakini mpigaji simu mwenyewe lazima aambiwe, ili ajue ni kampuni ipi asiiguse. Safari hii bosi wake alificha mpaka akapitiliza. Padmaja akasaka mtu bora kuliko wote, akampata, akampigia kwa furaha.

Kumbe ndiye anayeondolewa.

Simu ilikatwa.

*

Muthanna, mwenye ofisi, alikuwa mwanajeshi mstaafu kutoka milima ya Kodagu. Alisikiliza habari yote bila kupepesa macho. Kisha akavua miwani, akaiweka mezani taratibu.

“Umempigia maiti,” alisema, “kumwalika kwenye matanga yake.”

“Bosi, hukuniambia ni kampuni gani.”

“Sikukuambia ili siri isitoke!”

“Ungeniambia ningemruka.”

Muthanna alivaa tena miwani. Alijua binti anasema kweli, na ukweli ule ulimkera kuliko kosa lenyewe. Yeye na mzee mwenye Suvasini, kiwanda cha udi anakofanya kazi Ambuja, walicheza karata pamoja tangu ujana. Mtoto wa mzee huyo, Nachiket, alipomletea kazi hii alimwapisha asimwambie kiumbe. Naye, askari wa zamani, akakishika kiapo kwa mikono miwili.

“Sikiliza,” alisema. “Kama ana akili, atanyamaza ajitafutie pengine. Kama hana, atapiga kelele, na hakuna kampuni mji huu itakayotupa tena hata kazi ya kutafuta mlinzi. Namba yake ifute. Akipiga, humjui. Akija, hupo. Umenisikia?”

“Nimesikia, bosi.”

“Na ukimwambia neno moja zaidi, Padmaja, kiti chako kina wengi wanaokitamani.”

Padmaja alirudi kwenye kiti hicho, akavaa vipokea sauti vya masikioni, akapiga simu nyingine.

Kazi yake ni kuzungumza na watu kutwa, na hakuna anayemjua. Wanamnong’oneza. Wanamjibu wakiwa wamejificha kwenye ngazi, kwenye maegesho ya magari, chooni bomba likiwa wazi. Anaujua mwangwi wa ngazi za kila jengo kubwa la mji ule. Wanamweleza yale wasiyowaeleza wake zao wala waume zao: kwamba bosi anawadharau, kwamba vijana wapya wanawatisha, kwamba siku hizi wakifika kazini hukaa kwanza ndani ya gari na kushika usukani. Akishawapatia kazi wanafuta namba yake, kwa sababu namba yake ni ushahidi.

Siku moja sokoni alimtambua mmoja wao kwa sauti, akiuliza bei ya mastafeli. Alimwamkia. Yule bwana alimtazama kama anayeogopa kuombwa pesa, akasogea pembeni.

Kwenye hosteli wanalala wasichana wanne chumba kimoja, kila mmoja na vipokea sauti vyake masikioni. Mama yake hupiga simu kutoka Sirsi na kuuliza, “Leo umezungumza na nani?” Hujibu, “Na watu wa kazini, amma.” Majina hawezi kuyataja.

Namba ya Ambuja hakuifuta.

*

Asubuhi ya pili alikuwa kwenye mkahawa wa kona, ule wa kula umesimama, anangoja idli zake, vitumbua vya mchele vya mvuke, mtu akamgusa bega.

“Wewe ndiye Padmaja.”

Sauti ile! Padmaja aligeuka. Mama wa makamo, mnene kidogo, sari ya pamba ya kijani, mvi zimetandazwa nyuma bila kufichwa.

“Umenijuaje, mama?”

“Nilipiga ofisini kwenu wakaniambia mtu wa jina lako hayupo duniani. Nikamwuliza mlinzi wenu: yule msichana mwenye sauti ya kuomba radhi, asubuhi anakunywa wapi kahawa? Akanionyesha bila kufikiri.”

Padmaja aliona haya mpaka shingoni. Ambuja hakungoja. Alimgeukia mpika kahawa na kuita, “Moja kwa wawili!”

Msomaji, ndivyo wanavyokunywa kahawa Bengaluru. Unalipia kahawa moja, inagawanywa kwenye bilauri mbili ndogo, mnakunywa mmeelekeana. Si umaskini. Matajiri pia huagiza hivyo. Padmaja amekaa mji ule miaka minne na hajawahi kuiagiza hata mara moja, maana ili uiagize sharti uwe na mwenzako.

Aliishika nusu yake kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa mtoto wa watu ambebe.

“Nimekuja kuomba kazi,” Ambuja alisema.

“Kazi gani, mama?”

“Ile yangu.”

Kahawa ilimpalia. Ambuja alimpigapiga mgongo kama mtoto.

“Mama, nenda kwa mwanasheria,” Padmaja alisema alipopata pumzi. “Au nenda kwa mzee mwenyewe, baba yake Nachiket.”

“Mzee siku hizi ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa. Na nikipiga kelele nitapewa shada la maua, keki na hotuba. Nazijua sherehe hizo. Nimezipanga mimi mwenyewe.” Alizungusha bilauri mezani. “Nilianza kuuza udi mtandaoni watu wakinicheka. Nani atanunua kitu cha kunusa kwa kukitazama kwenye simu? Nikawapiga picha bibi zetu asubuhi wakiwasha udi, na ule uso wao wa kuomba. Hakuna neno, uso tu. Udi ukauzwa mpaka Kanada. Mume wangu alipofariki, matanga yalipokwisha nilirudi ofisini kesho yake. Shemeji zangu wakasema nina moyo mgumu.”

“Hawakujua.”

“Hawakujua. Kwangu kuna vyumba vitatu na redio. Pale chini ya kiyoyozi kibovu ndipo mahali pekee ninapoitwa kwa jina. Unanielewa, mwanangu?”

Padmaja alimwelewa kuliko alivyotaka.

“Nachiket alirudi kutoka Uingereza mwaka jana,” Ambuja aliendelea. “Hajasoma ripoti yangu hata moja. Anaona mvi, basi, hadithi imekwisha. Nataka anione bila mvi, mara moja tu. Ninyi mnapeleka wasifu wa watu bila majina, si ndiyo?”

“Duru ya kwanza, ndiyo. Tunaficha majina na makampuni, mteja asije akawafuata mwenyewe akatuacha kwenye mataa.”

“Basi niingize humo. Akinikataa kwenye karatasi, nitaondoka kimya kimya na hutanisikia tena.”

“Akikuchagua je?”

Ambuja alitazama barabarani. “Sijafika huko. Sitaki kufika huko halafu nikarudishwa.”

“Nitafukuzwa, mama.”

“Najua. Ndiyo maana naomba. Ningekuwa na haki juu yako ningeamuru.”

Mhudumu wa mkahawa alikwishaanza kupangusa meza yao, ishara ya kwamba wengine wanangoja. Padmaja aliitazama bilauri yake tupu. Angeweza kusema hapana kwa sauti yake ileile ya kuomba radhi, na mama huyu angeondoka, na kesho idli zingeliwa na mtu mmoja kama jana.

“Wasifu wako unao?” aliuliza.

*

Wasifu ulikuwa na kurasa kumi na moja. Ndani yake mlikuwa na zawadi ya insha ya darasa la saba.

“Mama,” Padmaja alisema. Walikuwa wamekaa kwenye benchi la bustani ya Lalbagh, saa ya chakula cha mchana, watoto wa shule wakipita kwa mstari. “Huu si wasifu, hii ni tanzia.”

“Nimeificha insha ya darasa la nane.”

Padmaja alicheka, na kicheko kikamshangaza mwenyewe. Akachukua kalamu.

“Mwaka wa kuzaliwa tunautoa. Picha tunaitoa. Mwaka wa shahada tunautoa pia, wanahesabu humo. Hobi tunazitoa.”

“Nimebaki na nini sasa? Jina, na lenyewe umelificha!”

“Umebaki na matokeo. Tazama hapa, umeandika ‘nilisimamia matangazo’. Kila mtu anasimamia kitu, mama. Hata mlinzi anasimamia geti. Sema kilichotokea kwa sababu wewe ulikuwepo.”

Ambuja alipitisha kidole juu ya mstari ule.

“Kilichotokea kwa sababu nilikuwepo,” alirudia. Ilionekana hakuna mtu aliyewahi kumwuliza hivyo, kazini wala nyumbani.

“Na akili mnemba? Siku hizi kila mteja anaidai, hata muuza ndizi.”

“Naitumia kila siku. Inatuandikia majibu ya wateja kwa lugha sita, mimi nayapitia yasitukane mtu. Vijana wangu walinifundisha, nikawazidi.”

“Mbona hukuandika?”

“Nilidhani kazi ni kufanya, si kutangaza.”

“Mama! Wewe ni mtu wa matangazo!”

“Ya udi, mwanangu. Ya kwangu sijawahi kuyafanya.”

Waliandika mpaka wakaacha kuisikia kengele ya walinzi wa bustani. Kurasa kumi na moja zikawa moja. Ambuja aliisoma ile moja, midomo ikicheza bila sauti.

“Huyu mtu,” alisema mwishowe, “ningemwajiri.”

Kisha akasimama haraka, akaiweka sawa sari yake, akaenda zake bila kuaga, kwa sababu alikuwa analia.

*

Siku ya siku ilifika. Nachiket aliingia ofisini kwa Muthanna amevaa viatu vyeupe kama vya mwanariadha, na akakalia kiti cha wageni kama mwenye nyumba.

“Mjomba Muthanna, nionyeshe mawindo.”

Padmaja aliweka wasifu mezani, karatasi baada ya karatasi. Mgombea wa Kwanza, wa Pili, wa Tatu, wa Nne. Muthanna alipenda wanne, hakupenda zaidi. Kwa hiyo mkono wa Padmaja ulipoweka karatasi nyingine, masharubu ya mzee yalicheza.

“Huyu wa tano ametoka wapi?”

“Nimempata dakika za mwisho, bosi.”

Mbele ya mteja, Muthanna hakuweza kusema zaidi. Alimpa jicho.

Nachiket alisoma kwa kasi, kama mtu anayechambua dengu. “Wa Kwanza, anajua kuzungumza, hajauza kitu. Wa Pili, notisi miezi mitatu. Wa Tatu, notisi miezi mitatu na ana barua tatu za ajira za wengine mkononi. Huyu atachukua barua yangu aende kuipigia mnada.”

“Ndivyo mji ulivyo, mwanangu,” Muthanna alisema. “Unamwajiri mtu leo, kazini kwake wanamshika miezi mitatu, na siku ya kuripoti unaambiwa amebadili mawazo.”

“Wa Nne ni mtu niliyemfukuza katika kampuni yangu ya kwanza. Namjua kwa uongo wake.” Akaitupa. Akachukua ya tano.

Akaanza kusoma. Mguu uliokuwa ukitikisika ukatulia.

Padmaja alishika ukingo wa meza. Akili yake iliomba vitu viwili kwa pamoja: amtambue, na asimtambue.

“Huyu ni nani?” Nachiket aliuliza, sauti imebadilika. “Mjomba, huyu amechukua bidhaa isiyouzika mtandaoni akaiuza nchi kumi na nne. Timu ndogo. Bajeti ya mzaha. Akili mnemba kwa lugha sita! Mimi nimekuwa nikiwaambia watu wangu hivyo mwaka mzima, wananitazama tu. Mlikuwa mmemficha wapi?”

Lugha zile sita zilikuwa zikitumika ghorofa moja chini ya ofisi yake mwenyewe. Angesoma ripoti moja, angemjua kwa mstari wa kwanza.

“Mshahara?”

“Anataka zaidi ya mlichotaja,” Padmaja alisema.

“Apewe! Mtu kama huyu unampunjaje? Kuna mmoja pale kwetu anaomba nyongeza kila sikukuu ya Diwali, huyo ndiye wa kunyimwa.” Akacheka, akamtazama Muthanna acheke pia. “Notisi?”

“Hana notisi.”

“Hana kazi, basi. Nilijua ipo kasoro.”

“Kazi anayo. Ila kwa kazi hii hahitaji kutoa notisi. Anaweza kuanza hata kesho.”

“Muujiza!” Nachiket alipiga meza kwa kofi.

Muthanna hakupiga meza. Alinyanyua macho polepole kutoka kwenye karatasi mpaka usoni kwa Padmaja. Mtu mwenye kazi, asiyehitaji notisi, Bengaluru? Mzee alikuwa ameishi kwa kazi hii miaka mingi. Padmaja aliona jibu likimfikia, na rangi ikimtoka.

“Mwite,” Nachiket aliamuru. “Leo leo. Sasa hivi.”

Padmaja alichukua simu chini ya meza, akaandika: *Amekuchagua. Uko wapi?*

Jibu lilikuja mara moja: *Nipo chini kwa muuza maua. Nilishindwa kukaa nyumbani. Napanda.*

“Yuko njiani,” Padmaja alisema.

Muthanna aliinama kana kwamba anaokota kalamu. “Mzuie,” alinong’ona. “Mwambie arudi. Sema ameugua, sema amefariki, sema lolote.”

Nje, kwenye chumba cha kungojea, mlango wa ngazi ulilia. Nyayo zikaingia, taratibu. Kiti cha plastiki kikakaliwa.

“Kabla hajaingia,” Nachiket alisema akitoa simu yake, “acha nisafishe meza. Sipendi kumkaribisha mgeni na uchafu wa jana upo. Nampigia yule mama nimwambie, yaishe.”

“Kwa simu?”

Sauti ilimtoka Padmaja kabla hajaipa ruhusa.

“Sasa kwa njiwa?”

“Ana miaka mingi kwenu.”

Nachiket alimkazia macho kwa mara ya kwanza tangu aingie. “Wewe umejuaje?”

“Binti anasema kwa kawaida,” Muthanna aliruka haraka, “watu wa kuondolewa huwa wana miaka mingi. Mwanangu, ngoja kwanza, tunywe hata kahawa…”

“Kahawa baadaye, mjomba.”

Alibonyeza. Akaiweka simu mezani, sauti wazi, mikono nyuma ya kichwa. Simu ikaanza kuita.

Na nyuma ya mlango, nyuma ya ubao mwembamba uliopakwa rangi ya maziwa, simu nyingine ikaanza kulia. Mlio wa kengele ndogo, kama ya madhabahu ya nyumbani asubuhi.

Nachiket hakushtuka. Mji ule simu hulia kila mahali.

Padmaja alisimama.

“Padmaja.” Muthanna alimnong’oneza sikioni, kwa ile sauti ya chini aliyokuwa akiitumia jeshini. “Toka uichukue simu yake, uizime, umpeleke nyumbani. Atajua kesho, kwa barua, kama wenzake. Hakuna atakayejua. Lakini ukiufungua huo mlango ukamwingiza, kiti chako usikirudie.”

Ilikuwa rahisi, na mzee alisema kweli: hakuna ambaye angejua. Angenyata nje, angemshika mama mkono, angemwambia, “Amebadili mawazo.” Ambuja angeamini, maana ndicho alichokuwa akikitarajia tangu mwanzo. Padmaja angerudi kwenye kiti, kwenye vipokea sauti vya masikioni, kwa watu wa kunong’ona ngazini ambao kesho watafuta namba yake. Salama. Kama jana, kama mwaka jana.

Simu iliita tena, mezani na nyuma ya mlango.

Miaka minne alikuwa amewaambia watu wazima nini cha kufanya na maisha yao, yeye akiwa upande wa pili wa waya, mahali ambapo hakuna anayeweza kumwona akitetemeka. Sasa alitetemeka waziwazi. Nachiket aliliona hilo, akakunja uso.

“Mbona binti yako anatetemeka, mjomba?”

Padmaja alifungua mlango.

Ambuja alikuwa amekaa wima kwenye kiti cha plastiki, sari ya hariri ya zambarau, kikuba cha jasmini kwenye mvi. Amejipamba kama anakwenda arusini. Alikuwa ameishika simu mbele yake kwa mkono mmoja, anatazama jina la anayepiga. Akainua uso.

Alikuwa amekwishaelewa. Anayemchagua na anayemfukuza walikuwa nyuma ya mlango mmoja, mtu mmoja, saa moja.

Kwa mara ya kwanza Padmaja hakuwa na ushauri wa kumpa mtu. Hakusema apokee, hakusema asipokee. Alisema neno moja tu alilolijua, akaligeuzia chumba cha ndani, kwa sauti kubwa kuliko aliyowahi kuitoa maishani mwake.

“Mgombea wa Tano amefika!”

Ambuja alibonyeza simu, akaiweka sikioni.

“Haloo.”

Neno hilo liliingia chumbani mara mbili, mara moja kutoka mezani, mara moja kutoka mlangoni.

Nachiket aliitazama simu. Akaitazama karatasi iliyokuwa mkononi mwake. Kisha akageuka, taratibu sana, na mikono iliyokuwa nyuma ya kichwa ikashuka yenyewe.

“Nakusikia, Nachiket,” Ambuja alisema ndani ya simu, macho yake yakiwa usoni kwake. “Sema ulilonipigia.”

Padmaja hakurudi ndani. Alivuka kizingiti, akasimama kando ya kile kiti cha plastiki, bega lake likigusa hariri, na wote wawili wakangoja aseme.